Saa Sita ya Kwao

Tangazo lilisema seva itazimwa saa sita usiku.
Saa sita ya nani, halikusema.
Kondo alihesabu kwa vidole, akasahau, akaanza upya:
kwao usiku wa manane, kwetu chapati zimeshaisha.
Tukakubaliana ni saa tano asubuhi, Jumanne,
bandani kwake, Mwananyamala, nyuma ya mashine ya kusaga,
televisheni moja, pedi mbili,
moja ina kitufe kilichozama
kinachobonyezwa kwa kalamu.

Miaka sita tulikaa Ngome Saba.
Kukaa kwa kupanga, tuseme:
mia tano kwa nusu saa, bando juu yako.

Chiku ndiye aliyekuwa tabibu wa kikosi.
Mchana anashona sare za shule kwa Manyanya,
usiku anavaa joho la kijani
anafufua watu asiowajua.
Shujaa akiangushwa na joka
Chiku humwelekezea fimbo, na chini, kwenye kisanduku cha maandishi,
huweka neno moja: pole.
Lugha yao hakuijua. Alikuwa na hiyo tu,
ile ile anayompa jirani aliyejikwaa,
mwenye msiba, mwenye ndoo nzito.

Wageni wakadhani ni jina la uchawi.
Mmoja mwenye shoka na sharubu za dhahabu, Mbrazili nadhani,
alimfuata msituni siku nzima akitaka kufundishwa.
Aliuandikia mti pole. Akaliandikia jiwe.
Akajitupa motoni makusudi, pole, akasubiri kupona.
Tulicheka mpaka Kondo akatishia kutudai
nusu saa ya kicheko.

Halafu watu wakapungua.
Muuza ngao, ambaye si mtu, aliendelea kunadi
bei zile zile kwa mtaa mtupu.
Nyasi za kule hazikui,
huwezi kujua mahali pamehamwa tangu lini.
Kwetu nyumba ikiachwa miezi minne
mpapai unaota jikoni.

Jumanne Chiku alikuja na futi ya fundi shingoni,
amewaacha wateja na vipande vya mikono.
Mimi nilikuwa na mikuki arobaini
niliyoiwekea akiba vita vikubwa.
Nikaanza kugawa. Hakuna aliyepokea:
kila mtu alikuwa anagawa.

Uwanja wa ngome ya nne ulijaa hadi picha ikakwama,
ikaenda, ikakwama.
Ndipo yule wa shoka akaandika, juu ya kichwa chake:
pole.
Wa mabawa naye: pole.
Mtoto wa mfalme mwenye miguu ya mbuzi: pole.
Yakajipanga, yakapandana,
pole pole pole pole pole
mpaka nyuso hazikuonekana.

"Wanasema twende taratibu," Kondo alisema.
Chiku hakucheka.
Alichukua pedi mbovu, akachomeka kalamu,
akainua fimbo.

LUKU ilikuwa inalia tangu asubuhi, kama kifaranga.
Kondo akapapasa mifuko yote miwili: mia saba.
"Nakimbia dukani," alisema, wala hakuinuka.
Kioo kikawa cheusi. Feni ikajizungukia kidogo,
ikatambua, ikaacha.

Zilikuwa zimebaki dakika kumi na moja.

Sijui mwisho ulikuwaje: anga lilichanika,
au walipewa tu maandishi madogo
kwamba mawasiliano yamekatika.
Wengine waliona, labda. Sikuwahi kuuliza.
Ninachojua fimbo ilikuwa juu.

Kondo, ambaye deni la mtu halimpitishi usiku,
akamrudishia Chiku mia mbili
kwa dakika ambazo hazikuchezwa.
Chiku aliitazama kama kifungo kisicho na shati,
akanipa mimi, akarudi kwenye mikono ya watoto.

Ninayo bado. Simba wawili upande mmoja.
Sijapata cha kununua.