Inchi Mbili Ndani ya Mshono

Bogumiła aliingia na theluji viatuni,
gauni la kuendea harusi ya bintiye mkononi.
"Utalibana," akasema. "Kufikia Pasaka nitakuwa nusu."
Nikazungusha futi kamba kiunoni: tisini na nane.
Futi haina adabu, haijui kubembeleza.

Pini zikiwa mdomoni mwangu, akanionyesha kichupa:
jani la kijani, mwanamke mwembamba anayecheka,
na neno "asilia" mara nne. Nilihesabu.
Asilia! Hata kichaa cha mbwa ni asilia.
Hata uyoga uliomuua mjomba Wacek
ulikuwa asilia, tena aliukaanga kwa siagi.

Wiki ya tatu nililibana gauni. Kweli, alipungua.
Nisiwe mnafiki: nilimwonea wivu.

Alhamisi ya Mafuta, Łódź nzima ikipanga foleni
ya maandazi yenye jemu ya waridi,
yeye alisimama dukani kwangu akiyanusa yangu,
midomo mikavu, vidole vikitetemeka kwenye vifungo.
"Siku hizi silali," alisema,
kama mtu anayesifia kazi mpya.
Nilipompima kifua niliusikia moyo wake:
cherehani iliyokanyagwa pedali bila kitambaa,
sindano ikitoboa hewa, ikitoboa hewa.

Alianguka kwenye tramu, kituo kimoja kabla ya nyumbani.

Hospitalini walikichukua kichupa. Maabara ikasema
kilichokuwamo hakikuandikwa,
na kilichoandikwa hakikuwamo,
ila vumbi kidogo la chai.
Dawa yenyewe ilipigwa marufuku
bintiye akiwa bado chekechea.
Na zile kilo sita? Daktari kijana hakuzunguka mbuyu:
nyingi zilikuwa maji, mama,
na maji hayasahau njia ya kurudi.

Yalirudi. Mwezi wa tano nikafumua nilichobana,
uzi kwa uzi, naye ameketi kwenye kigoda
akitafuna tango la chumvi,
tukimsengenya mkwe mtarajiwa na masharubu yake.
Vidonge hatukuvitaja.

Mama, aliyenifunza kazi hii, hakukata kitambaa cha ziada.
Kikunje, alisema, kifiche,
acha inchi mbili ndani ya mshono,
maana unayemshonea si sanamu ya dirishani:
atazaa, atafiwa, atakula.

Kichupa waliturudishia kitupu. Ninacho, natilia pini.
Kiko pale kaunta, karibu na mkasi.
Wateja huisoma lebo wakisubiri chenji,
na kila wiki hakosi mmoja
wa kuniuliza, kwa sauti ya chini, bei.