Dengu Zilizolala

Dai la nne la hataza linasema:
baada ya moto wa kwanza mbegu hupumzishwa guniani
kwa siku zisizopungua tatu, kisha hurudishwa motoni.
Kampuni ya Izmir imelipia muhuri.
Sasa Bwana Saadettin, mkaanga dengu wa Çorum,
hana ruhusa ya kusubiri.

Nilimuuliza: nani alikufundisha?
Akanifunulia viganja, vyeusi kama tako la chungu.
Nikamwambia, hakimu hasomi viganja.
Anataka karatasi, karatasi iwe na tarehe,
na tarehe iwe imelizidi umri ombi lao.

Basi niko chini ya nyumba ya nyaraka, Ankara,
wiki ya tatu, glavu za pamba, koo limejaa vumbi,
nasoma herufi ambazo bibi yangu
aliamka siku moja akaambiwa azisahau.
Bei ya mishumaa. Talaka. Punda aliyefia njiani.
Kitabu cha mapishi: kurasa kumi za asali na lozi,
na dengu, mstari mmoja:
"Zikaange kama ijulikanavyo."

Kama ijulikanavyo!
Nilitamani kumzaba kofi mwandishi.
Wote walijua, hakuna aliyeandika,
na kisichoandikwa
leo kina mwenyewe.

Alhamisi, mlinzi akitikisa funguo,
nikakutana na panya.

Rejesta ya kadhi, tarehe tisa Mfungo Tano, 1196.
Gülsüm, mjane, anamshtaki jirani:
panya wa ghala lake wametoboa magunia yake,
oka arobaini za dengu
"zilizokuwa zimelala siku ya tano
baina ya moto na moto."

Nilisoma mara saba. Nikavua glavu, nikavaa tena.
Je, alilipwa? Sijui.
Kona ya ukurasa imeliwa,
na aliyeila namshuku.

Wakili wetu, Bi Nurhayat, simuni, hakupiga kigelegele:
"Zimelala, au zimepumzishwa?
Watasema kulala ni jambo jingine."

Nimelipia nakala tatu zenye muhuri.
Stesheni nikanunua pakiti ya dengu, njaa imenibana.
Nyuma yake, kwa herufi za kichwa cha sindano:
njia hii inalindwa na sheria.
Nikazitafuna zote, treni ikiacha taa za mji.

Zilikuwa tamu, Gülsüm.
Zililala vya kutosha.