Tundu Halifuati Ngozi

Pandu kaja na mtutu ndani ya gunia la mkaa,
kaulaza juu ya meza yangu hapa Saateni
kama anayelaza mtoto mwenye homa.
"Nguruwe wamemaliza mihogo Charawe," kasema.
"Kibali ninacho. Nichongee chumba cha risasi.
Jumamosi nije?"
Sikumjibu. Nilifungua droo.

Kwa nje mtutu umenyooka,
umepigwa msasa, unang'aa kama sufuria ya harusi.
Lakini risasi haipiti nje.
Marehemu Mzee Ussi, aliyeniachia kerezo hili na deni lake,
alikuwa akisema: tundu halifuati ngozi, Mize.
Uliza tundu.

Basi swali la leo si kukata.
Swali ni nani nimtume ndani akaulize.

Ipo fimbo yake ya chuma, urefu wa mkono wangu,
aliikereza mwenyewe mwaka aliooa mara ya pili,
akaisugua kwa majivu na mafuta
mpaka ikaingia mtutuni bila kusema kitu.
Unaichomeka, mkia unabaki nje,
unauegeshea saa ya kupimia, unazungusha.
Mkia ukicheza, tundu limekwenda upande.
Ndivyo nilivyofundishwa.
Ndivyo nilivyofanya miaka kumi na moja.

Ila fimbo nayo huzeeka. Imelika ubavu mmoja.
Siku hizi inapwaya, kidogo tu,
kama pete ya mjane aliyekonda,
na mkia ukicheza sijui
ni mtutu unaosema
au ni fimbo inajisemea yenyewe.

Ipo saa nyengine, ndogo, ya mkono mrefu.
Niliinunua Darajani kwa mtu aliyedhani ni ya daktari.
Sindano yake kama mguu wa mbu.
Hii huingia yenyewe, haina mkalimani.

Nikaishika fimbo. Nikaishika saa.
Nikaona haya, kama vile marehemu yuko nyuma yangu
anatafuta miwani yake.

Mtutu nimeupitisha tumbo la mashine.
Mbele, chaki ya taya nne;
kila taya nimeitilia kipande cha waya wa shaba
mtutu usije ukabanwa ukashindwa kugeuza shingo.
Nyuma, buibui.
Si lile la mama linaloning'inia nyuma ya mlango,
hili ni la chuma, bolti nne,
nalo halisitiri chochote.
Taya husogeza mdomo, buibui husogeza mkia;
ukigusa huku, kule kunanuna.

Umeme umekatika. Afadhali.
Kazi hii ni ya kiganja.
Nazungusha. Sindano inapanda tuta, inashuka mfereji,
inapanda tuta, inashuka mfereji,
matuta sita, yanajisokota gizani
kama shamba la mtu aliyelima huku akicheza ngoma.
Pandu, haya ndiyo matuta
nguruwe hawajayafikia.

Vistari vinane.
Nalegeza taya ya kwanza, nakaza ya tatu.
Vitano. Nazunguka nyuma, nagusa bolti ya juu.
Narudi mbele: saba!
Nanyamaza. Nafuta jasho lisidondokee chuma.
Vitatu.
Adhana ya alasiri inatoka misikiti miwili, haikutani.
Kimoja na nusu.
Saa gani hii, haijui adhuhuri wala magharibi,
inajua tu kama uko katikati au hauko.

Pandu kasimama mlangoni na soda ya moto.
"Kumbe hata hujaanza?"
Karibu namaliza, Pandu. Bado kukata tu.

Kacheka. Hakuelewa, au kaelewa akaona bora acheke.

Fimbo nimeipaka mafuta nikairudisha droo,
upande uliolika ukatazama chini.

Sindano imetulia.
Nazungusha tena, kwa sababu imetulia.