Kimo cha Goti

Daktari wa Võru alisema kitanda kiwe juu,
mgonjwa wa nyonga hainuki kutoka shimoni.
Akaandika sentimita kwenye karatasi.
Karatasi nikawashia moto asubuhi.
Nikamsimamisha Leelo mlangoni, mkongojo kwapani,
nikapiga magoti, mara ya kwanza tangu nilipomchumbia,
nikaweka penseli nyuma ya goti lake,
nikatia alama kwenye gongo la mwaloni.
"Unanipima jeneza?" akauliza.
Nikamwambia jeneza halina matendegu.

Mwaloni wenyewe uliangushwa na dhoruba
mwaka ule Triinu alipohamia Tartu.
Vello akanipasulia mbao, akakataa pesa, akachukua asali.
Miaka tisa zililala darini mwa ghala
zikikauka polepole, kama watu wenye adabu.

Januari. Nyuzi ishirini chini ya sifuri.
Bandani gundi inaganda kama mafuta ya nguruwe,
haishiki, inajifanya kushika.
Basi nikahamia jikoni na randa, patasi, jiriwa,
nikasukuma meza ya chakula hadi dirishani,
na wiki tatu tukanywa supu yenye unga wa mwaloni.
Leelo hakulalamika. Alihesabu.
"Leo vijiko vitatu vya vumbi," anasema.

Nilichonga ndimi, nikatoboa matundu.
Ulimi wa kwanza ulipwaya; nikautia kabari nyembamba,
nikanyamaza.
Wa pili ulibana, nikaupunguza randa moja, randa mbili.
Wa tatu uliingia kwa kiganja tu,
ukatoa ile pumzi ya mtu
anayekaa baada ya kazi.
Hapo nikaapa: humu hauingii msumari,
wala skrubu, wala bolti. Mti ushikane na mti.
Kiburi nacho ni fundi.

Mifumbati miwili, vitakizo viwili, chaga kumi na nne.
Mchagoni sikuchonga ua wala ndege.
Palikuwa na fundo jeusi, nikataka kulificha;
Leelo akasema libaki, lina macho ya mama yake.
Usiku nikapaka gundi kote, nikafunga kamba,
nikazikaza kwa vijiti, nikapima pembe hadi pembe:
hata unywele haukuzidi.
Kisha msasa, wa kukwaruza, halafu wa kubembeleza,
kisha mafuta ya kitani kwa soksi kuukuu,
na mbao ikaamka, rangi ya chai
iliyosahauliwa birikani.

Ndipo nikaanza kukisukuma chumbani.

Mlango una sentimita sabini na mbili.
Nilikilaza ubavu. Nikakisimamisha wima.
Nikang'oa mlango, nikang'oa na fremu yake.
Vello akaja, akatazama, akavua kofia
kama aliyeingia msibani,
akatoka nje kwenye theluji kucheka.
Nikachukua msumeno, nikaulaza juu ya mfumbati.
Mkono ukagoma.

"Kaarel," akasema Leelo, "kiache."
Akaja, mkongojo ukigonga sakafu,
akakipa kitanda mgongo, akakaa.
Hakushuka, hakupanda. Alikaa tu,
nyayo zote mbili chini.
Akainuka bila kunishika.
Akakaa tena, akainuka tena,
kama mtoto aliyegundua swichi ya taa.

Sasa tunalala jikoni, ubavuni mwa jiko la matofali,
tunanuka vitunguu na kitani.
Triinu akipiga simu huuliza ukuta tutaubomoa lini.
Theluji ikiyeyuka, namwambia.
Sijamwambia theluji ya mwaka gani.

Upande wa ndani wa tendegu la kulia
ile alama ya penseli ingalipo;
niliuzungusha msasa, nikaipita.
Kuna usiku usingizi unanikimbia,
nanyoosha mkono gizani, naipapasa:
hapa ndipo goti lake lilipofika
siku ile aliposimama nimpime
na mguu wake ukitetemeka,
akinitania.