Kijiko kwa Kijiko

Mfungo Mosi, kijiko kimoja cha mtama
nilikificha ndani ya unga mweupe.
Shekuwe akala chapati, akapangusa sahani,
hakusema neno.

Mfungo Pili, vijiko vitatu.
Samli ya Mwanaesha wa Matondoni
ikashika nafasi ya mafuta ya mkebe.
Sukari sikuitupa. Nililipandisha kopo
rafu ya juu kabisa,
ambako goti langu hukataa kwenda.

Mchicha wa dukani ulinona, haukuwa na tundu hata moja.
Huu wa uani, uliokunywa samadi ya punda,
viwavi wameutoboa kama kawa.
“Tunakula makombo ya wadudu?” akauliza.
“Wameonja kwanza,” nikamjibu. “Hawajafa.”

Mfungo Nne nilianguka.
Nilikunywa soda nyuma ya mlango,
baridi ikanichoma hadi masikioni,
kisha nikaiosha chupa
kama mwizi afutaye nyayo.

Kesho yake kijiko kikawa kikombe.

Mfungo Sita, Langoni imefurika wageni wa Maulidi,
nikabandika mkate wa mofa, mtama mtupu,
mzito mkononi kama deni.
Shekuwe akaumega. Akatafuna taratibu,
taya zimepata kazi tena.

“Mtama huu ulianza lini?”

“Leo,” nikasema, bila haya.

Akachovya kwenye mchuzi, akaramba kidole.
“Mfungo Mosi,” akasema.
“Nilinyamaza tu, nikichelea utakwenda mbio
halafu uchoke.”

Akamega tena.

“Na soda zilikuwa mbili.”