Mstari wa Kumi na Saba

Muuguzi alimfuta baba visigino mara tatu
kwa pamba na spiriti, na bado pamba ikatoka nyekundu.
"Ni damu?" akauliza.
"Ni nyumbani," nikamjibu,
akaandika kitu kwenye fomu, sijui alikiita nini.

Saa tano angani, Rapa Nui hadi Santiago,
baba kalala kwenye machela, viatu vyake mapajani mwangu
ndani ya mfuko wa plastiki.
Mshipa wa moyo umeziba, walisema,
umebaki upenyo wa sindano,
na mzee Hereveri, aliyezoea kuwafokea farasi toka kilimani,
akawa ananong'ona kama mtu anayedaiwa.

Waliingilia kwenye kifundo cha mkono.
Si kisu, si msumeno. Tundu tu, kama la mdudu.
Waya ukapanda mkono, ukakunja kona ya bega,
umebeba kimrija cha wavu, kobalti na kromi,
chembamba kuliko utambi wa kibatari.
Kikatanuliwa pale penye kizibo, kikashika kuta
kama mtu azuiaye mlango kwa mgongo.

Daktari Iturriaga alinichorea kwenye karatasi ya kufutia mikono.
Chuma peke yake, alisema, mwili haukipendi:
nyama humwona mgeni, humfunika, humfunika tena,
na mlango uliofunguliwa jana
hufungwa na mwenye nyumba mwenyewe.
Basi chuma kimepakwa dawa.
Inavuja kidogo kidogo, papo hapo, haitembei mbali,
inaiambia nyama neno moja: Tulia.
"Na jina lake," akatabasamu kama aliyeficha peremende,
"limebeba jina la kisiwa chenu.
Ilitoka kwa kijidudu cha udongo wenu."

Baba alikuwa na miaka minane walipokuja wale wa meli ya Kanada.
Anakumbuka vijiko. Anakumbuka vichupa vyenye namba.
Walitaka kujua mbona watu wanatembea pekupeku kati ya farasi
na pepopunda haiwagusi.
Bibi aliwaonyesha nyuma ya nyumba, penye magimbi,
wakachota, wakafunika, wakampa kopo la maziwa mazito.
Baba alilamba kifuniko, kikamkata ulimi.
Hayo ndiyo yaliyombakia kinywani:
utamu, kisha chuma.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Mgeni alikuja. Mwenyeji akangoja miaka sitini.

Bili ina kurasa nne. Mstari wa kumi na saba
ni kile kimrija, bei ya farasi wawili na tandiko.
Nilidhani atakasirika. Akavaa miwani, akasoma kwa kidole,
akasema, "Kijiko kimoja tu? Tungewauzia shamba zima."
Akacheka mpaka mashine ikalia na muuguzi akaja mbio.

Mimi sikucheka. Kazi yangu ni kuandika hesabu za watu,
naijua safu ya kutoa na safu ya kupokea,
na lile kopo la maziwa sijui niliweke wapi.

Udongo uliojua kuotesha tu,
viazi vikuu, migomba, miwa, hata magugu usiyoyaomba,
umetiwa gizani, kifuani mwa mtu,
kazi yake iwe kukataza kitu kisiote.
Na unatii.

Siku tisini hivi, alisema daktari, dawa inakwisha.
Chuma kinabaki kitupu, nyama imeshakizoea.
Baba anahesabu kwenye kalenda ya duka la misumari la Hanga Roa,
anatia alama kwa kalamu ya seremala.
Leo ni themanini na moja. Jembe amekatazwa.
Yuko nyuma ya nyumba tangu asubuhi,
pekupeku, hafanyi kitu,
kasimama tu penye magimbi,
visigino vimezama.