Chupa Mbili Dirishani

Chupa ya kwanza ina jina langu kwa kalamu ya wino:
kimoja asubuhi, kimoja usiku, baada ya chakula.
Ya pili ilikuwa ya soda ya chungwa kabla haijawa ya dawa.
Ndani yake maji ya mizizi, rangi ya chai iliyolala,
na maelezo yake yamo kinywani mwa Ng'wandu,
fundi baiskeli wa Igogo, karibu na reli:
"Kikombe cha kahawa. Usikoroge. Usimpe jirani."

Miezi saba nilizipanga dirishani,
zikitazama ziwa kati ya mapaa ya bati
kama wake wenza wasiosalimiana.

Bugando nilipanda mlima, na foleni ikanipanda mimi.
Saa sita benchini. Daktari akanipa dakika tatu,
mbili kati ya hizo akiitazama karatasi.
Lakini karatasi ilisema kweli: sukari kumi na tisa.
Mguu uliokwisha kufa ganzi haukutaka huruma,
ulitaka namba.

Kwa Ng'wandu sikukaa foleni. Alifuta grisi,
akaushika mguu wangu kama gurudumu lililopinda,
akauzungusha taratibu,
akaniuliza tangu lini silali, na ni nani aliyenitupa mkono.
Nikalia mbele ya minyororo na mipira iliyotoboka.
Kipimo cha hilo mlimani hakuna,
au kama kipo, sijaonyeshwa.

Lakini sijamsahau Luhende, kaka yangu,
uvimbe shingoni, na yule mganga wa Magu
akichanja na kupaka, akichanja na kupaka,
mbuzi wawili, kuku mweusi, mwaka mzima,
hata tulipomfikisha hospitali
daktari akavua miwani, akaifuta,
hakuivaa tena mpaka alipomaliza kusema.

Basi nikadanganya pande zote.
Mlimani: "Unatumia dawa nyingine?" "Hapana, daktari."
Relini: "Vidonge vyao umeacha?" "Zamani."
Ndani ya mwili wangu tu ndimo walimokutana,
gizani, bila kutambulishwa.

Jumamosi moja, Mlango Mmoja,
namvalisha mteja kiatu cha mtumba, cha kulia;
cha kushoto sikukiona.
Jasho. Viatu vyote vikanijia kama kundi la mbwa.
Nilipozinduka nina dripu mkononi, na Daktari Nyamizi,
msichana wa juzi tu, ana pengo kama la mwanangu, anasema:
"Mbili nukta moja. Mama, ni nini kingine unakunywa?"

Si kwamba dawa zilishindwa.
Zote mbili zilifanya kazi.

Nikamtuma binti akalete chupa ya soda.
Nyamizi akaifungua, akainusa, akafumba macho.
"Bibi yangu kule Kwimba alichemsha kitu cha harufu hii.
Sikuwahi kumuuliza ni mti gani."
Kisha ndipo akanigombeza.

Jioni akaja Ng'wandu, kofia mkononi, na machungwa sita
(machungwa! kwa mgonjwa wa sukari!),
akasimama mlangoni. Nilidhani atajitetea.
Akatoa daftari la shule, kurasa zimelowa mafuta,
akamuuliza msichana yule: "Ilikuwa ngapi?"
"Mbili nukta moja."
Akaandika. Akaomba na ile namba ya kwanza.
Wakainama juu ya daftari,
mmoja ana grisi kwenye kucha, mmoja ana wino,
nami katikati yao, nimesahauliwa kabisa.
Sijawahi kutibiwa vizuri namna ile.

Sasa nameza vidonge. Chupa ya soda ipo,
binti amechomeka humo ua la barabarani.
Mzizi umepelekwa kupimwa, wanasema. Majibu hayajarudi.
Wanaoniuliza niko upande gani
nawanyooshea mguu:
kidole gumba, tangu juzi, kimeanza kuwasha.